Risasi kwanza, bunduki baadaye: historia fupi ya .22

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa. Kazi zilinilemea, halafu likaja swali moja kutoka Minnesota, Marekani, ambako dada yangu anaishi na familia yake. Nyinyi mliozoea kusoma hapa mambo ya programu na tarakilishi mtanivumilia, maana leo nazungumzia bunduki. Lakini msiondoke. Mtaona kwamba mambo ni yale yale.

Mpwa wangu, msichana wa miaka 15, alijiunga na klabu ya kulenga shabaha. Kwa miezi kadhaa alitumia bunduki ya klabu, kisha akaomba ya kwake. Dada akanipigia simu usiku.

"Ndugu yangu, wewe ndiwe unayejua mitambo. Huyu mtoto anataka bunduki nyumbani kwangu. Bunduki! Mama angekuwa hai angesemaje?"

Nilimwelewa. Sisi tulikua tukijua bunduki ni ya askari au ya jambazi, na hakuna mtu wa tatu. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na silaha hazimilikiwi bila leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mtu wa kawaida anaweza kuishi hadi uzee bila kushika hata moja. Dada hakukataa, ila alitoa sharti: "Nieleze kilichomo ndani ya kile kitu na kwa nini kiko hivyo. Nikielewa, nitanunua. Nisipoelewa, basi."

Hilo ni sharti zuri kuliko mengi niliyowahi kupewa na wateja. Nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma historia ya bunduki, kumbe nilikuwa nasoma historia ya kiwango, yaani yale makubaliano yanayowezesha kitu cha fundi mmoja kuingia ndani ya kitu cha fundi mwingine.

Maneno kidogo kabla hatujaenda mbali

Kwa Kiswahili tunasema "risasi" kwa mambo mawili, kile kinachoruka na kile kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Leo nitaita kizima "risasi", na kile kinachoruka "kichwa cha risasi". Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti ndani yake, kichwa cha madini ya risasi mbele, na fataki, ile dawa inayolipuka ikigongwa na kuiwasha baruti.

Fataki ndiyo kiini cha hadithi yetu. Kwenye risasi kubwa za jeshi, fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Kwenye .22 hakuna kikombe. Kitako cha ganda kimekunjwa na kufanya ukingo mwembamba ulio wazi ndani, na dawa ya fataki imejaa humo kwenye mkunjo, mzunguko mzima. Pini ya bunduki hugonga ukingo popote na kuuponda, na dawa hulipuka. Basi hizo ndizo risasi za fataki ya ukingoni.

Toleo la kwanza: Paris, 1845

Zamani za gobori, zile bunduki zilizozoeleka sana katika misafara ya pwani yetu karne ya 19, kila kitu kilitiwa kwa mkono kupitia mdomo wa mtutu. Baruti kwanza, kisha kichwa, kisha fataki upande wa nyuma. Mwaka 1845, Mfaransa mmoja fundi wa bunduki, Louis-Nicolas Flobert, alichukua fataki ya kawaida, akaipanua kidogo, na kuikalishia kijipira cha madini ya risasi mdomoni. Baruti hakutia kabisa. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukirusha kile kijipira ndani ya ukumbi wa nyumba, na watu wenye nafasi zao wakawa wanalenga shabaha sebuleni baada ya chakula. Ulikuwa mchezo tu, lakini ndani ya mchezo huo mlikuwa na wazo kubwa, kwamba kila kitu kinaweza kuwa kipande kimoja.

Mwaka 1857, Horace Smith na Daniel Wesson wa Marekani walitoa bastola yao ya kwanza ya risasi saba, na risasi yake waliitengeneza wenyewe kutokana na wazo hilohilo, wakirefusha ganda na kutia baruti kidogo. Hiyo ndiyo leo tunaiita .22 Short. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 1.9 hivi. Risasi hiyo bado inatengenezwa hadi leo! Nionyeshe programu yoyote yenye umri huo.

Kisha matoleo yakafuatana. Mwaka 1871 ilikuja .22 Long, yenye ganda refu zaidi na kichwa kilekile. Halafu mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts ilichukua ganda la Long na kulivika kichwa kizito zaidi, cha gramu 2.6. Wakaiita .22 Long Rifle, au kwa kifupi .22 LR. Hiyo ndiyo iliyoshinda zote. Leo ukisikia mtu anasema "ishirini na mbili" bila maelezo, karibu kila mara anamaanisha hiyo.

Sasa angalieni jambo hili, wanaprogramu wenzangu. Kipenyo hakikubadilika tangu Short hadi Long Rifle, kwa hivyo risasi fupi ya zamani huingia kwenye chemba ya bunduki mpya. Yaani toleo jipya linakubali faili za zamani. Lakini kuna gharama yake. Ukitumia sana fupi ndani ya chemba ndefu, uchafu hujikusanya mbele ya ganda kama pete, na siku utakaporudi kwenye Long Rifle itaanza kukwama. Pia zile fupi zilitengenezewa mitutu yenye michirizi ya mzunguko mwingine. Kuingia, itaingia. Kulenga vizuri ni habari nyingine.

Udhaifu uliogeuka nguvu

Mbona basi majeshi hayakubaki na fataki ya ukingoni? Walijaribu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, bunduki za Henry na Spencer zilitumia risasi kubwa za aina hiyo. Tatizo ni ganda lenyewe. Ukingo lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuuponda, na kilicho chembamba hakihimili msukumo mkubwa. Ukitaka nguvu zaidi, ganda litapasuka. Majeshi yakahamia fataki ya katikati, na zile kubwa za ukingoni zikafa moja baada ya nyingine.

Ile ndogo ikabaki, kwa sababu haikuhitaji nguvu. Ganda jembamba lisilo na kikombe ni rahisi kutengeneza kwa mamilioni. Dawa ya fataki hutiwa ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa ikimbilie ukingoni. Zikitoka kiwandani ni bei nafuu, hazirushi bega, hazina kishindo cha kutisha. Hasara yake ni kwamba ganda lililokwisha kupondwa ukingo halijazwi tena, na mara mojamoja dawa haikufika sehemu fulani ya mkunjo, pini ikagonga hapo, kimya! Ndiyo maana mpwa wangu alifundishwa siku ya kwanza kwamba risasi ikigoma, mtutu unabaki umeelekea shabaha kwa angalau nusu dakika kabla ya kufungua chochote, maana huenda imechelewa tu.

Komeo

Tuje kwenye bunduki yenyewe. Dada alitaka kujua kwa nini kila mtu klabuni anatumia ile ya "kuvuta kama mlango". Alisema sawa kabisa. Ni komeo hasa. Mwaka 1841 Prussia ilianza kuchukua kwa jeshi lake bunduki ya Johann Nikolaus von Dreyse, ambayo nyuma yake ilifungwa kwa chuma chenye mkono, ukiinua, unavuta, unatia risasi, unasukuma, unakandamiza. Mjerumani Paul Mauser akaendeleza wazo hilo hadi bunduki yake maarufu ya mwaka 1898. Wazee wetu waliopigana na KAR katika Vita vya Pili vya Dunia walibeba Lee-Enfield za Waingereza, nazo pia ni za komeo.

Komeo liliingia kwenye .22 kwa bei ya chini. John Browning alibuni kabunduki kepesi ka risasi moja, na Winchester wakakauza kama Model 1900. Lakini kilichoisukuma .22 ya komeo hadi kuwa chombo cha usahihi ni aibu ya vita. Waingereza walipopigana na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, waligundua kwamba wakulima wale walilenga vizuri kuliko askari wao. Mwaka 1901 kikaundwa chama cha vilabu vya bunduki ndogo, na Lord Roberts, jenerali wa vita hivyo, akakipigia debe. Hoja ilikuwa kwamba mfanyakazi wa mjini hawezi kwenda kwenye uwanja wa mita mia tisa, lakini anaweza kulenga ndani ya ukumbi kwa .22, jioni, kwa senti chache. Hata Lee-Enfield zenyewe zilitengenezewa matoleo ya .22 ya kufundishia.

Marekani nayo ikafuata. Baada ya Vita vya Kwanza, Winchester walitoa Model 52, bunduki nzito ya komeo ya shabaha, iliyotengenezwa hadi mwaka 1980. Ujerumani, familia ya Anschütz, iliyokuwa ikitengeneza bunduki tangu 1856 huko Zella-Mehlis, ilipoteza kiwanda baada ya Vita vya Pili ikaanza upya Ulm mwaka 1950. Kwa miongo mingi jina hilo limekuwa likionekana sana kwenye mashindano ya Olimpiki. Na Wachekoslovakia wa Brno wakatoa bunduki za bei ya kati ambazo uzao wake, CZ 452, ulitengenezwa hadi karibu mwaka 2011 na bado unatafutwa sana mitumba.

Kwa nini komeo na si ile inayojitia yenyewe? Hapa nilipata jibu lililonifurahisha kuliko yote. Bunduki inayojitia yenyewe hula nguvu ya risasi ili ifanye kazi. Ukiipa risasi ya polepole, inaweza kukwama. Kwa hiyo bunduki ndiyo inayokuchagulia risasi. Komeo huendeshwa na mkono wako. Halijali risasi ina nguvu kiasi gani. Nawe ukilifungua, kila mtu aliye karibu anaona kwa macho kwamba chemba iko wazi. Komeo linakupa uhuru wa kuchagua risasi, na kwenye .22 uhuru huo ndio kila kitu.

"Zote ni ishirini na mbili!"

Dada, kwa haraka yake ya kumfurahisha mtoto, alipita dukani akanunua sanduku la risasi kabla hata ya bunduki. Klabuni mpwa wangu akajaribu moja kwenye bunduki ya mkufunzi. Haikuingia. Akasukuma. Mkufunzi akamshika mkono, akasoma sanduku, akatikisa kichwa. Lilikuwa limeandikwa .22 WMR.

"Si zote ni ishirini na mbili?" dada aliniuliza kwa simu, sauti imepanda.

Hapana, dada. Mwaka 1959 Winchester walitoa .22 Magnum, ndiyo hiyo WMR. Ganda lake ni refu na nene zaidi. Haina uhusiano wa chemba na Long Rifle. Limebaki jina tu linalofanana. Siku hiyo bahati ilikuwa upande wao, kwa sababu nene haiingii kwenye nyembamba. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukitia Long Rifle kwenye chemba ya Magnum, itaingia kwa kulegea, na ukifyatua lile ganda jembamba halina ukuta wa kuliegemea. Linaweza kupasuka na kurusha moto na vipande nyuma, kwenye uso wa mtoto.

Mimi kazini nimewahi kupoteza siku mbili kwa sababu watu wawili waliita vitu viwili tofauti kwa jina moja. Nilipoteza usingizi tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza niliyomwandikia dada kwa herufi kubwa ni hii: soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, soma sanduku, yafanane herufi kwa herufi. Nambari peke yake haitoshi.

Risasi ipi basi?

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 mambo mawili yalibadilika. Kwanza, fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu na kuuozesha kwa kutu. Zikaja fataki zisizo na dhambi hiyo. (Mkinunua bunduki ya kabla ya hapo, chungulieni mtutu kwa taa.) Pili, zikaja risasi za kasi. Tangu hapo .22 LR imegawanyika katika familia tatu hivi.

Ya kwanza ni ya polepole, ya shabaha, kama mita 325 kwa sekunde. Iko chini ya kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 340. Ya pili ni ya kasi, kama mita 375. Ya tatu ni ile ya kasi mno. CCI walitoa Stinger mwaka 1977, kichwa chepesi cha gramu 2.1, karibu mita 500 kwa sekunde. Ganda la Stinger ni refu kuliko la kawaida, na watengenezaji wenyewe wanaonya isitiwe kwenye chemba finyu za bunduki za mashindano. Unaona tena? Jina ni lilelile la Long Rifle, vipimo vimetofautiana.

Mtu asiyejua atachagua ya kasi. Nami ningefanya hivyo! Lakini kichwa kinachotoka kwa kasi kuliko sauti, kisha kikapunguza mwendo na kuvuka mpaka ule kabla ya kufika shabaha, hutikiswa njiani. Kile ambacho hakikuvuka kamwe hutulia. Ndiyo maana wanaoshindana mita 50, ambako duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu na kichwa cha risasi ni milimita 5.6, wanatumia ya polepole. Na jueni pia kwamba "polepole" haimaanishi haina madhara. Risasi hii ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Nyuma ya shabaha lazima pawe na ukuta au kilima cha udongo.

Basi ushauri wangu ukawa huu. Anza na kazi: karatasi, mita 50. Kazi ikuchagulie risasi: .22 LR ya polepole. Risasi ikuchagulie bunduki: komeo, kitako kinacholingana na mikono ya mtoto, kifyatulio chepesi kisichosita. Halafu nunua masanduku matano ya viwanda tofauti na upime. Hata bunduki mbili za kiwanda kimoja huweza kupendelea risasi tofauti, na hakuna anayeweza kukuambia ya kwako itapenda ipi. Hapo nadharia inaisha na majaribio yanaanza.

Walinunua CZ 452 ya mitumba. Mpwa wangu alilala chini, akapiga risasi tano za kila sanduku, akapima kwa rula na kunitumia jedwali (damu ya ukoo!). Mbaya kuliko zote zilitawanyika milimita 41, nazo zilikuwa za kasi. Nzuri kuliko zote, milimita 16. Hizo hazikuwa ghali zaidi. Zilikuwa za pili kutoka chini kwa bei. Akaniandikia, "Mjomba, dukani walisema za bei ndiyo bora." Nikamjibu, duka halijawahi kukutana na bunduki yako.

Kabla ya kumaliza nilimsimulia dada kisa cha Montreal, 1976. Wakati huo wanawake na wanaume walishindana pamoja. Katika .22 ya mikao mitatu, Wamarekani wawili, Lanny Bassham na Margaret Murdock, walimaliza sare, pointi 1,162 kila mmoja. Kwa kuhesabu undani wa alama, dhahabu ilikwenda kwa Bassham na fedha kwa Murdock. Wimbo wa taifa ulipoanza kupigwa, Bassham alimvuta mwenzake wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya juu. Wanawake walipata shindano lao la mikao mitatu mwaka 1984.

Dada alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya. Lakini itakaa ndani ya sanduku la chuma, komeo limetolewa, na funguo ninazo mimi."

"Na risasi?" nikauliza.

"Chumba kingine. Sasa nimeelewa kilichomo ndani."

Naam, hiyo ndiyo hadithi. Wiki ijayo tutarudi kwenye tarakilishi, nawaahidi. Wenye maswali au masahihisho, karibuni. Kwaherini kwa sasa!